Muhugu haulindwi kwa kuhesabu mashina

Wanaotaka ukataji wa muhugu, mti wa mbao ngumu unaopendwa na wachongaji, uruhusiwe kwa kibali huuelekeza mkono Arabuko-Sokoke: msitu wa Pwani ya Kenya wa kilomita za mraba 420 hivi, bado umefungamana, bado ni kijani. Lakini muhugu haukuenea kote humo. Upande wa mashariki ni msitu mchanganyiko. Kwenye mchanga mweupe umetawala mti wa mrihi. Muhugu umeshika magharibi, kwenye mchanga mwekundu, mvua inakopungua, ukichanganyika na mti wa mfunda katika kichaka kizito. Ukiung'oa muhugu wote, mfunda utabaki umesimama na msitu utaonekana ule ule. Hata picha ya angani haitaonyesha pengo hilo kwa urahisi.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba muhugu una mti dume na mti jike. Jike likibaki peke yake baada ya madume ya karibu kukatwa, litachanua kila msimu bila mbegu yenye uhai. Hata penye madume, mbegu ni ndogo mno, nyingi ni tupu au zimeliwa na wadudu, na zilizo nzima hupoteza uhai upesi. Mche nao hukua polepole. Kwa hiyo kibali cha mashina kadhaa, kisichosema jinsia wala umbali wa mti mmoja na mwingine, kinaweza kumaliza uzazi wa eneo zima huku daftari likionyesha miti bado ipo. Na mashina makubwa yenye uwazi ndani, ambayo mchongaji huyaona hayafai, ndimo anamodhaniwa kutaga bundi mdogo wa Sokoke.

Wachongaji wa Malindi nao wana haki ya kusikilizwa. Muhugu ni mgumu, mchwa hauuwezi, na hushika nakshi ndogo ambayo mwarobaini, mti unaopendekezwa badala yake, huipoteza. Mwarobaini ukikaushwa juani hupasuka. Gogo lipakwe nta au rangi kwenye ncha zote mbili, kisha likae kivulini mpaka likauke hasa. Hiyo ni kazi na muda, na mnunuzi halipii tofauti. Hata hivyo mwarobaini hukua haraka, huchipua tena kisikini, na umejaa mashambani Pwani, ambako mkulima anaweza kuuza shina moja moja. Kibali cha muhugu, kama kitatolewa, kingoje msimu wa maua, majike na madume yatiwe alama tofauti, kisha ndipo ijulikane kama kuna shina la kukata.