Ya Kelly yameandikwa, ya baba mdogo je?

Juzi hapa Boston nilikuwa namkata kucha mzee ninayemhudumia, mwenye asili ya Ireland, akaanza kunitajia habari za Mike Kelly, mchezaji wa besiboli waliyembandika jina la Mfalme. Mwaka 1886, akiwa Chicago, wastani wake wa kupiga mpira akafika kituoni salama ulikuwa 388 kwa kila majaribio 1,000. Mwaka uliofuata Boston wakamnunua kwa dola 10,000, na msimu huohuo akaiba vituo 84, yaani kuchomoka mbio hadi kituo kinachofuata bila kungoja mpira upigwe. Nikahakikisha kwenye simu, zote sahihi. Mtu aliyekufa 1894!

Roho iliniuma. Baba mdogo wangu alicheza wingi ya kulia misimu sita. Alifunga magoli mangapi? Hakuna anayejua. Nilipokuja likizo nikaenda hadi kwenye klabu yake ya zamani, nikaambiwa madaftari yalilowa mvua, kamuulize mzee fulani. Mzee mwenyewe alishazikwa.

Najua mtasema, "Kaona theluji miaka minane, sasa anatudharau." Sidharau. Kwa utu tunawashinda hawa watu, na nitalisema popote. Kelly, mtoto wa wahamiaji wa Ireland, alikunywa mpaka Spalding, bosi wake wa Chicago, akawawekea wachezaji wapelelezi. Pesa zote zikapita mikononi, nimonia ikamchukua akiwa na miaka 36. Maelfu walijitokeza kumuaga. Baba mdogo alipozama kwenye gongo, shangazi zangu na majirani walimfuata kilabuni wakamshika mkono, akalala kwetu, akanyweshwa uji asubuhi na jioni, hadi akaacha. Leo yupo hai, anapalilia migomba yake.

Lakini jamani, daftari linatushinda nini? Msiniambie umaskini. Wale wa 1886 hawakuwa na kompyuta. Na kuandika tunajua sana! Kwenye kamati ya harusi kila shilingi inaandikwa, nani kaahidi, nani katoa nusu, nani anakwepa simu. Kadi za michango ya miaka kumi iliyopita mama anazo kabatini. Magoli ya mtu aliyeujaza uwanja mji mzima, hatuna hata ukurasa.

Na wewe unayetaka kuniuliza kama magoli yanaliwa: Kelly aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli, Cooperstown, mwaka 1945, miaka 51 baada ya kufa. Wengi wa watu wa wakati huo hawakuwahi kumwona akicheza, ila walikuwa na cha kusoma. Wa kwetu atasomwa wapi?

Jumapili nilimpigia baba mdogo, kalamu mkononi. Tulikwenda mechi moja baada ya nyingine hadi simu yake ikazima chaji. Tumefika magoli kumi na moja. La saba yeye anasema lilikuwa la kichwa, shangazi alikuwa pembeni anabisha kwamba ni la mguu wa kushoto. Nimeandika yote mawili.