Mgonjwa wa kifua mpimeni akishatembea, sio akiwa kwenye benchi

Mjomba wangu kachoronga mwamba, yaani kuutoboa kwa mashine, kwenye machimbo ya tanzanite Mirerani miaka 11. Ukimkuta uwani anakunywa chai utasema huyu mzima kabisa, sasa mwambie apande kale kamlima ka kwetu kwenda dukani. Hatua thelathini tu anasimama, anashika magoti, mabega juu chini, anaongea neno moja moja. Wapita njia wanamwambia pole mzee, ndo umri huo. Ana miaka 46!

Hospitali kaenda sana tu. Anakaa kwenye foleni masaa mawili, akiingia kwa daktari kashapumzika, wanambana kile kidude kwenye kidole, 95, aah oksijeni yako iko vizuri, rudi nyumbani. Safari nyingine wakamuanzishia dawa za TB miezi sita na wakati makohozi hayakuonyesha mdudu, kazimeza zote na kifua kikabaki vile vile. Mpaka siku nesi mmoja, Mungu ambariki, akamwambia baba hebu tembea hapa koridoni dakika 6 uende urudi nikupime tena. 84. Niliiona mwenyewe ile namba ikishuka na midomo yake ikibadilika rangi.

Ni silikosisi. Vumbi la mwamba ni jembamba mno, linapita pua na koo linaenda kukaa kwenye vifuko vya hewa, mwili unapambana nalo unaacha makovu, pafu linakakamaa kama kandambili iliyoachwa juani. Ukikaa hewa kidogo inakutosha, ukitembea damu inapita haraka kwenye mapafu na haiwahi kubeba oksijeni ya kutosha. Ndo maana kumpima mtu akiwa amekaa halafu kumwambia ni mzima mi naona ni kumuonea. Na sio wanaapolo, hao wachimbaji wa migodini, peke yao, kuna mama zetu waliopulizia kuni miaka 30, kuna waliopona TB wakabaki na makovu, wenye pumu pia, kwenye benchi wengi wao utaona hawana shida.

Kuwaza TB sio kosa, vumbi hilo hilo linaifungulia mlango, ila pimeni makohozi, pigeni picha, na muulizeni mtu amefanya kazi gani maishani. Mjomba hakuwahi kuulizwa hata mara moja.

Makovu hayafutiki. Mwanae ana miaka 19 na ameshaanza kuulizia nafasi mgodini, mjomba kamwambia aulize kwanza kama wanachoronga kwa maji yanayolaza vumbi au kikavu.