Seli zilizozeeka hazinyamazi: tuziondoe au tuziache?

Mwaka jana nyumbani kwetu kulikuwa na vidonda viwili kwa wakati mmoja. Mpwa wangu wa miaka saba aliangukia kokoto akachubuka goti; siku ya tisa alikibandua kigaga huku nikimkataza, na chini yake ngozi mpya ilikuwa tayari. Bibi, ambaye ana kisukari, alijigonga muundi kwenye mguu wa kitanda. Kwa miezi mitatu nilimfunga bandeji kila asubuhi, na kila nikiifungua nilikuta ukingo uleule, mwekundu, wenye majimaji, umegoma kusogea.

Vidonda hivyo ndivyo vilivyonifanya nifuatilie mjadala wa seli zilizozeeka. Mwaka 1961, huko Philadelphia, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za binadamu zinazokuzwa maabara hujigawa mara 40 hadi 60 hivi, kisha husimama; hizo ndizo huitwa seli zilizozeeka. Hazifi. Zinabaki hai, zinakula, na kama ilivyokuja kueleweka baadaye, zinatuma ujumbe mfululizo kwa seli zilizo jirani. Mwaka 2008 kundi la mtafiti Judith Campisi kule California lilieleza kwa kina ujumbe huo: protini zinazoamsha uvimbe kama interlukini-6, vimeng'enya vinavyokata kolajeni inayoshikilia tishu, na vichochezi vya ukuaji. Jirani akiupokea kwa muda mrefu, naye huweza kusimama kujigawa. Yaani uzee huambukizana kutoka seli hadi seli.

Kwa hiyo wanaotaka seli hizi ziondolewe wana hoja nzito. Mwaka 2011 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliunda panya ambao seli zao zilizozeeka zingeweza kuuawa kwa dawa, na magonjwa kadhaa ya uzee yakachelewa. Mwaka 2016 walirudia kwa panya wanaozeeka kawaida, na umri wa wastani ukaongezeka kwa takriban robo. Kilichonishtua zaidi ni jaribio la 2018: panya vijana walipopandikizwa seli chache tu zilizozeeka, mwendo wao ulipungua na nguvu za kushika zikashuka. Kundi dogo kiasi hicho, na mwili mzima ukalisikia.

Lakini rudi kwenye goti la mtoto. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba panya akijeruhiwa ngozi, seli zilizozeeka hujitokeza hapo ndani ya siku chache na kutoa protini inayowaita wajenzi wa kidonda. Watafiti walipoziondoa, kidonda kilichelewa kufunga. Walipopaka protini ile, kikarudi kwenye mwendo wake. Hata kiinitete tumboni, ambacho hakijaishi siku moja duniani, kina seli za aina hii zinazosaidia kuunda viungo. Na mwaka 2020, panya walioondolewa seli hizi kwenye ini walipata makovu na afya yao ikazorota, kwa sababu seli zilizoondolewa hazikupata mbadala.

Mimi naona ugomvi huu unatatanisha kwa sababu pande zote mbili zinazungumzia seli ileile katika nyakati tofauti. Ujumbe wake unaita pia kinga ya mwili ije kuiondoa yenyewe. Kwa kijana, kinga hufika: seli imeomba msaada, msaada umekuja, mwitaji ameondolewa, jirani wamepumzika. Kwa mzee, kinga nayo imechoka, hivyo waitaji wanarundikana na mwito hauishi. Majeraha sugu ya wagonjwa wa kisukari yamekutwa na mrundikano wa namna hiyo. Tatizo ni muda, na dawa inayoua bila kujali muda inaweza kumuua mjenzi pamoja na mharibifu.

Kwa binadamu, ushahidi bado ni mwembamba. Jaribio la 2019 lilitumia dasatinibu, dawa ya saratani ya damu, pamoja na kwesetini, kemikali itokanayo na mimea, ili kuua seli zilizozeeka kwa wagonjwa 14 wenye makovu ya mapafu. Mwendo wao uliboreka kidogo, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 2020 dawa nyingine ya kuua seli hizo, ya kampuni ya Unity Biotechnology, iliyodungwa kwenye magoti yenye baridi yabisi ya uzee, haikuishinda sindano isiyo na dawa baada ya wiki 12.

Shangazi alinitumia tangazo la vidonge vya kwesetini, akisema vinasafisha seli zilizozeeka, nimpe bibi. Nilimwelewa, alikuwa amechoka kuiona ile bandeji kama nilivyochoka mimi. Sikumpa. Majaribio hayo mawili hayakugusa kidonda kibichi cha mwenye kisukari, na panya wa 2014 wametuonyesha gharama ya kuziondoa seli hizo kidonda kikiwa wazi. Tulishughulika na sukari yake, tukamwinua mguu kila jioni, tukaendelea kuosha. Katika mwezi wa tano tangu ajigonge, ukingo ulianza kusogea, milimita kwa milimita.