Kozi za ndoa tunazipima vibaya

Hizi kozi za kabla ya ndoa kwa sisi Waislamu mimi naziunga mkono kabisa, ila nina shida na namna tunavyozipima. Mafunzo yakiisha watu wanagawiwa fomu, je ustadhi alieleweka, je ukumbi ulifaa, wachumba wa watu wako kwenye raha zao wanaweka tiki kila mahali, halafu waandaaji wanatangaza kozi imefana. Imefana vipi na ndoa yenyewe bado? Waulizwe tena baada ya mwaka, wakishalipa kodi ya nyumba pamoja na wakishanuniana mara kadhaa.

Malaysia ni sharti, Muislamu anayetaka kuoa lazima awe na cheti cha kozi, na Indonesia ofisi za serikali zinazofungisha ndoa nazo zinatoa mafunzo. Sawa, lakini kitu kikishakuwa sharti wapo watakaofuata karatasi tu. Kikiwa hiari nako wanaokuja ni wale ambao tayari wako siriasi, kwa hiyo ukisema "waliopita kwetu hawaachani" hujathibitisha kitu, pengine wasingeachana hata bila kozi yako.

Mimi ningeangalia kimezungumzwa nini mle ndani. Kuna hadithi ya Fatima bint Qays kwenye Sahihi Muslim, kaposwa na Muawiya na Abu Jahm, akaenda kumuomba ushauri Mtume (s.a.w.), akaambiwa waziwazi kuwa Abu Jahm fimbo haishuki begani na Muawiya hana mali, aolewe na Usama. Pesa na kipigo, vyote vimetajwa kabla posa haijakubaliwa! Sasa kozi ngapi zinafika hapo? Nyingi utapewa nguzo za nikaha, josho la janaba, haki za mume (hizo hazikosekanagi), nafaqa, yaani matunzo ya mke, inapitiwa juu juu, halafu ikifika kwenye madeni ya bwana harusi, kupima afya, bibi harusi kuweka masharti yake kwenye nikaha, au khului (mke kujivua kwenye ndoa kwa kumlipa mume fidia) inakuwaje, muda umeisha tufunge kwa dua.

Na wale wachumba wanaogundua palepale kwamba hawatawezana wakavunja uchumba, waandaaji wanawaona kama hasara. Kwangu mimi hao ndio kozi imewafaa kuliko wote, maana mahari haijatolewa, mtoto hayupo, hakuna kupelekana kwa kadhi. Wawekeni kwenye ripoti, tena ukurasa wa kwanza.