Asubuhi Tuliyorudi kutoka Mtwapa

Wageni wengi wakifika Mombasa hukimbilia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, wakapiga picha na mizinga, wakarudi hotelini. Mimi ni mtu wa Shinyanga, nimekulia michembe na maziwa mgando. Ngome niliitazama kwa nje tu, nikiwa njiani kwenda kwenye karai la viazi. Nilikuja kumsalimia dada yangu aliyeolewa na Mgiriama huko Kisauni, na tangu basi lilipovuka mpaka wa Horohoro nilikuwa nimeshaamua kuwa safari hii litatembea tumbo.

Likatembea kwelikweli. Asubuhi mahamri kwa mbaazi za nazi. Mchana wali na papa mkavu, samaki ambaye pua humpokea kabla ya macho. Jioni tukashuka ufukweni Mama Ngina kula muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, huku meli zikiingia bandarini karibu kiasi cha kupungiwa mkono. Pembeni palikuwa na muuza supu ya pweza. Akanijazia kikombe, akanikonyeza: "Hii, ndugu yangu, uwe na mke karibu." Mke wangu alikuwa Shinyanga anapalilia pamba. Nikanywa hivyo hivyo, nikaongeza.

Shemeji yangu alivumilia yote hayo kwa heshima. Ijumaa akaniita uani dada asisikie.

"Shem, hivyo ni vya kitoto. Leo twende Mtwapa."

Kiserikali Mtwapa iko Kilifi, ng'ambo ya daraja. Lakini ukiuliza vijana wa Mombasa hulala wapi usiku wa Jumamosi, jibu ni kwamba hawalali, wako Mtwapa. Tulianzia kwenye mangwe, uwanja wa mchanga chini ya mwembe, viti vya plastiki, na mama mmoja mwenye sauti ya hakimu. Mnazi, yaani tembo la nazi, ukaja kwenye glasi, mweupe kama maziwa yaliyoongezwa maji, pamoja na mrija uliofungwa nyuzi nyuzi kwa chini. Nikauliza nyuzi za nini. Shemeji akanionyesha nyuki wawili waliokuwa wakiogelea kwenye glasi yangu. "Hao wabaki huko. Wewe vuta."

Nikavuta. Utamu ulitangulia, uchachu ukafuata, halafu kitu fulani kikapanda hadi nyuma ya masikio kikakaa. Shemeji akawa ananisomesha: mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akakata kipande chembamba cha karara, utomvu ukadondokea kibuyuni. Wa asubuhi ni mtamu, wa jioni una maneno, na ukiulaza sana unageuka siki. Kwao hakuna posa inayosogea bila mnazi. Nilimsikiliza kwa makini mpaka nikagundua kuwa walikuwa wananisomesha mashemeji wawili.

Kutoka hapo tukaenda kwenye bango, muziki wa dansi wa Pwani. Nilitarajia vijana, nikakuta wazee wa mvi na mashati ya maua, wanacheza taratibu kama wanaopanga vyombo kabatini, wala hawatoki jasho. Bibi mmoja alinishika mkono akanizungusha hadi alfajiri. Sina zaidi la kueleza hapo, maana mengi ninayoyajua niliambiwa.

Kulipopambazuka shemeji akasema hatuwezi kurudi mikono mitupu, baba yake mdogo anapenda mnazi mtamu. Tukapita tena mangweni, tukajaziwa chupa ya soda ya lita 2, moto moto kutoka juu ya mti. Yule mama akatuonya kifuniko kisikazwe, kiachwe kipumue. Shemeji akaitikia vizuri sana. Tulipofika stendi akakikaza kwa meno. "Harufu ikitoka, makanga atatushusha."

Akanipakatisha mimi. Gari la abiria 14, nikabanwa dirishani, kulia kwangu mama mtu mzima mwenye buibui la kung'aa, anafuka udi, mapajani ana hotipoti. Nikamwamkia, akaitikia kwa upole. Tukavuka daraja.

Karibu na Shanzu nikahisi chupa inanisukuma. Nikaichungulia. Kitako kilichokuwa na vijishimo kilikuwa kimevimba kikawa cha mviringo, na kifuniko kinaimba, tsss, kwa sauti ndogo. Nikamgusa shemeji kiti cha mbele. Akasema, bila kugeuka, "Usiitikise." Sekunde hiyo hiyo dereva akapanda tuta.

Pwaaa! Kifuniko kikagonga dari, kikampiga makanga kisogoni. Dereva akapiga kelele "Pancha!", akaegesha, wakashuka yeye na makanga wakaanza kupiga mateke matairi, moja baada ya jingine, yote mazima. Nyuma kuna mtu alikuwa anasoma shahada. Mimi nimeketi, mnazi unanidondoka kwenye nyusi.

Mama akapangusa shavu, akanusa kidole.

"Tembo!" akasema. "Mwanangu, mie nina udhu! Naenda arusini! Watu wakiniuliza huu ni udi gani niwaambieje?"

"Samahani mama yangu."

"Watoka wapi wewe?"

"Tanzania, mama."

"Na wasema ndiko kwenye adabu!"

Makanga akarudi, mkono kisogoni. "Chupa ya nani hii?" Nikamtazama shemeji. Shemeji alikuwa anaitazama bahari, ingawa upande ule kulikuwa na ukuta. "Mimi simjui," akasema. "Nadhani ni huyo Mtanzania."

Tulishushwa wote wawili. Harufu yake mwenyewe ilimsaliti. Tuktuk mbili zikapunguza mwendo, zikatunusa, zikaondoka. Ya tatu ikasimama. Dereva akavuta hewa, akafumba macho.

"Wa Mtwapa huo?"

"Wa Mtwapa."

"Umebaki?"

Ulibaki robo. Akauziba kwa karatasi iliyokunjwa, si kwa kifuniko, akauweka chini ya kiti chake "wa jioni", akatufikisha Kisauni bila kudai hata shilingi.

Dada alikuwa kizingitini, mikono kiunoni. Nikafungua kinywa nieleze, lakini shemeji alishuka kwanza, akatikisa kichwa kwa huzuni nyingi.

"Mama watoto," akasema, "hebu ongea na ndugu yako."