Reli ya Tabora–Kigoma: kalamu ya msimamizi ashike nani?

Ukikaa vijiwe vya Mwanga hapa Kigoma na mada ya SGR, reli mpya ya kisasa, ikaingia, haichukui muda watu wanagawanyika. Wapo wanaosema mradi wa hela kama ile lazima asimamie mgeni maana wa kwetu akipigiwa simu moja tu kutoka juu analegea, na wapo wanaosema tunamlipa mgeni kwa dola akae kwenye kiyoyozi wakati anayekanyaga tope ni injinia wa kibongo.

Kwa asiyefuatilia, kipande cha Tabora mpaka Kigoma ni kilomita 506, Shirika la Reli, TRC, lilisaini na kampuni mbili za China, CCECC na CRCC, Desemba 2022. Mkandarasi kuwa wa nje hakuna ubishi sana, mitambo ile hatuna. Ubishi ni yule wa katikati, mhandisi mshauri. Huyu ndo anapitisha michoro, ndo anaruhusu tabaka lifunikwe, ndo anasaini hati ya malipo. Mikataba mingi ya hivi inafuata vitabu vya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, na kwenye vile vya 1999 mkandarasi akishapeleka hesabu zake mhandisi ana siku 28 za kutoa hati, na mwenye mradi awe amelipa ndani ya siku 56. Yani saini moja inaachia mabilioni.

Hoja ya mgeni watu huwa wanaidharau haraka ila ina uzito. Reli ya umeme hatukuwahi kujenga kabla ya Dar–Morogoro iliyoanza 2017, na pale wasimamizi walikuwa Wakorea, KORAIL, sasa injinia wetu angejifunzia wapi mambo ya nyaya za juu na mitambo ya ishara? Alafu kuna hofu. Mgeni akisema bomoa, amesema, hana shangazi hapa wala hana uhamisho wa kuogopa. Injinia wa serikali kusimamisha kazi wiki mbili kabla kiongozi hajaja kukagua, mh, hiyo barua sio kila mtu ataiandika.

Ila mgeni naye ana bosi kwao, na kampuni yake inawinda kazi inayofuata. Maji ya Ziwa Victoria yaliyofika Tabora, Nzega na Igunga ni mkopo wa Exim Bank ya India na wakandarasi walitoka India. Daraja la Kikwete pale Malagarasi ni mkopo wa Korea, mkandarasi Mkorea. Kazi zipo na watu wanazitumia, sizisemi vibaya, nachosema ni kwamba mkopo na mkandarasi vikitoka nchi moja alafu na msimamizi naye akatoka hukohuko, uhuru wake unabaki kwenye makaratasi.

Sasa njoo kwenye ardhi yenyewe. Ukitoka Kaliua, Usinge mpaka Nguruka unaingia bonde la Malagarasi, na huku kwetu kuna udongo wa mbuga, kiangazi unapasuka nyufa, masika unavimba na kung'ang'ania gambuti. Mgeni mzuri anasoma kwenye ripoti ya maabara udongo unavimba kiasi gani. Ripoti haimwambii mwaka wa mafuriko maji yanarudi nyuma mpaka wapi, hilo analijua mfugaji na mzee aliyefanya kazi gengi la reli ya zamani.

Chukua kipimo cha ushindiliaji. Fundi wa maabara anachimba kishimo kwenye tabaka, udongo wote uliotoka anaukusanya asimwage hata punje, anaupima uzito na unyevu, alafu anajaza kile kishimo kwa mchanga mkavu wa kwenye chupa yenye koni, hapo anapata ujazo na kutoka kwenye ujazo anapata msongamano, anaulinganisha na ule wa maabara, ukifika asilimia inayotakiwa na mkataba tabaka linapita. Kipimo chepesi tu. Ujanja uko kwenye nani anachagua pa kuchimba. Fomeni atakupeleka katikati ambako rola limepita mara nyingi, wakati ukweli unaupata ubavuni mwa kalavati ambako rola halifiki vizuri. Na kibarua anayejua usiku wa jana tabaka lilimwagwa nene atamwambia yule wanayekunywa naye chai kwa Kiswahili, hawezi kumtafutia mkalimani. Wanaosema siku hizi ofisi kuu ng'ambo inaona kila kitu kwa droni na picha za WhatsApp, haya, tabaka lililoshindiliwa na lisiloshindiliwa kwenye picha yanafanana kabisa.

Na sio kwamba hatujawahi. Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, mkandarasi alikuwa Mmisri na mhandisi mshauri alikuwa TECU, kitengo cha TANROADS, wakala wa barabara wa serikali. Linazalisha umeme. Pia lilichelewa, lilitakiwa likamilike Juni 2022 na mtambo wa kwanza ukawashwa Februari 2024, kwa hiyo kila kundi linaweza kulitumia linavyotaka.

Mfano ninaoupenda zaidi uko hapahapa ziwani, meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, na kiwanda cha Meyer kikatuma watu watatu tu waje kuiunga, mkubwa wao Anton Rüter. Ikaingia majini Februari 1915 vita imeshaanza, maamuzi yakifanyika ufukweni. 1916 Wajerumani walipoizamisha wenyewe isitekwe walipaka injini grisi kwanza, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mkoloni simsifii, vibarua wa kazi ile nani anawataja? Ila walikuwa wageni wachache, waliokaa saiti mwanzo mwisho, na uamuzi walikuwa nao.

Kwa hiyo mi naona kalamu igawanywe. Umeme, ishara na madaraja makubwa abaki nayo mgeni. Tuta, makalavati na mifereji apewe injinia wa kwetu aliyesajiliwa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, na sio "kushirikiana", saini yake iwe sharti la hati ya malipo. Simu kutoka juu zitakuwepo, ndo maana barua yake ya kukataa kazi iende siku hiyohiyo kwa mwenye mradi na kwa benki inayokopesha pamoja, ikishatoka hakuna wa kuirudisha. Ubaya wake ni kwamba wasimamizi wawili wakivutana, mkandarasi anadai siku za ucheleweshaji, na hawa wazoefu zile siku 28 za kutoa notisi ya madai hawazisahau. Gharama hiyo ipo na itatuuma. Kipande cha Uvinza kwenda Musongati, Burundi, kilichosainiwa 2025, kitakuwa kigumu zaidi, maana pale serikali ni mbili na kila moja itataka mtu wake ndo asaini.