Spana ya upepo haijui kuacha

Simu iliita saa moja jioni, mvua inanyesha. Alikuwa mteja wangu, mama mmoja mwalimu mstaafu, amekwama na gari lake dogo kwenye barabara ya Mpanda, ameshaipita Sikonge. Pancha. Jeki anayo, tairi la akiba lina upepo, wili spana ipo. "Mwanangu, nati hazifunguki. Nimezikanyaga mpaka nimechoka." Asubuhi ya siku hiyohiyo alikuwa kwangu gereji, hapa Ipuli, Tabora mjini, kubadilisha tairi mbili. Aliyezifunga ni kijana wangu, kwa spana ya upepo, ile inayoendeshwa na hewa ya kompresa, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikimtazama.

Alilala kwa watu asiowajua. Alfajiri nilimfuata na bomba la mita moja, nikalichomeka kwenye spana, nikaning'inia. Nati ya kwanza ilitoa mlio kama mti unaokatika.

Nilirudi mjini nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga miaka mingi nyuma. Gari lile, kama Toyota nyingi ndogo, linataka nati za tairi zikazwe kwa torki ya Nm (nyutoni-mita) 103. Torki ni nguvu ya kuzungusha: unachukua nguvu inayosukuma mkono wa spana, unazidisha kwa urefu wa spana. Wili spana ya kwenye buti ina sentimita 35 hivi. Ili ufikishe 103, unaisukuma kwa uzito wa kilo 30, na hiyo mama wa zaidi ya miaka 60 anaiweza kwa mguu mmoja. Nati ikikazwa mpaka 400, spana ileile inadai kilo 116. Mama yule hafiki kilo 70. Angesimama juu ya spana na mjukuu mgongoni, isingesogea.

Sasa, hiyo 400 ilitoka wapi? Ilitoka kwangu, na ilitoka kwenye kitu nilichokuwa nikijivunia.

Miezi miwili kabla, spana yangu ya upepo ya nusu inchi (ndio upana wa ncha inayoshika soketi) ilikuwa inanitia aibu. Boksi lake linasema Nm 800, lakini ikikutana na nati za pikapu iliyotoka porini Ipole inapiga kelele tu, nati imetulia. Fundi mwenzangu akaniambia nimeuziwa feki, nitafute ya 1,200. Karibu niinunue. Kabla ya kutoa hela nikafunga geji ya pili mwishoni mwa mpira, pale pale spana inapochomekwa. Geji ya kompresa ilisoma 110 psi, kipimo kilekile cha upepo wa tairi. Nikabonyeza. Geji ya huku mwisho ikaporomoka hadi 58.

Namba za kwenye maboksi kwa kawaida hupimwa hewa ikiwa 90 psi, na ni 90 inayofika kwenye spana huku inafanya kazi, si ile inayosomeka kwenye tangi wakati kila kitu kimetulia. Mimi nilikuwa na mpira mwembamba wa robo inchi, mita 20, wenye viungio vitatu. Hewa ilikuwa inagombania njia humo ndani. Nikaweka mpira wa milimita 10, mita 10, nikaondoa kiungio kimoja, nikatoa maji yaliyokuwa yamejaa chini ya tangi, nikaidondoshea spana matone ya oili. Geji ya mwisho sasa haishuki chini ya 85. Spana ileile ya "feki" ikaanza kung'oa kila kitu.

Kompresa nayo ina sehemu yake. Spana ya nusu inchi ukiishikilia bila kuachia inaweza kula zaidi ya lita 500 za hewa kwa dakika. Namba ndogo ya ulaji wa hewa unayoiona kwenye karatasi yake ni ya wastani, inahesabu kwamba unabonyeza kidogo na kupumzika zaidi. Kompresa ya nguvu mbili za farasi haikaribii lita hizo, kwa hiyo unachotumia kweli ni akiba ya tangi. Na sisi wa Tabora tuko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo kila pistoni inapovuta, inameza hewa pungufu, na tangi linachelewa kujaa. Kompresa ya injini ya petroli inapata hasara mara mbili, maana injini yenyewe nayo inapumua hewa hiyohiyo. Fundi aliyenunua kompresa kwa kuiga ya Kariakoo asishangae.

Ndivyo nilivyopata nguvu. Na nguvu hizo ndizo zilizomlaza mwalimu njiani. Spana ilipokuwa dhaifu, kijana wangu alizoea kushikilia mpaka mlio ubadilike, kisha anaongeza kidogo "kwa usalama". Mkono wake uliendelea na mazoea yaleyale, lakini kila pigo sasa lilikuwa zito kuliko la jana.

Mkono wenyewe haukuwa na namna ya kujua. Ndani ya spana kuna mota ndogo yenye vibapa vinavyosukumwa na hewa. Mota hiyo peke yake haiwezi nati iliyoshika kutu. Inachofanya ni kuzungusha nyundo iliyo huru. Nyundo inakusanya kasi, inaligonga fuawe lililoungana na mhimili wa soketi, inaachia, inazunguka, inagonga tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ni kazi ya mchi na kinu. Anayetwanga hakandamizi mahindi, maana angekandamiza kutwa nzima punje zisipasuke. Anaunyanyua mchi, anauacha ushuke na kasi yake, na kasi yote inaishia kwenye kinu kwa kufumba na kufumbua. Ndiyo maana mashine ambayo uwezo wake haufikii hata wa pikipiki inatoa torki ya kukata boliti. Uwezo ni kazi kwa kila sekunde. Nyundo inalimbikiza kazi ya uwezo huo mdogo, halafu inaitoa yote kwa mpigo. Na kwa kuwa kila pigo ni fupi mno, halirudi mkononi mwako. Unaishika kwa mkono mmoja, umetulia, huku upande wa pili boliti inavutwa.

Maana boliti inavutwa kweli. Ukikaza nati, boliti inarefuka kidogo sana kama springi, na kule kutaka kwake kurudi ndiko kunakoibana rimu. Torki unayoitoa, takribani sehemu moja tu kati ya kumi ndiyo inayogeuka kuwa kubana. Zilizobaki zinaliwa na msuguano wa meno na wa uso wa nati. Kwa hiyo ukipaka oili kwenye meno, msuguano unapungua, na torki ileile inaivuta boliti zaidi sana. Boliti iliyovutwa kupita kiasi hairudi. Inabaki imechoka, na siku nyingine inakatika kwenye shimo la barabarani, dereva anasema shimo ndilo lililoikata.

Wenzangu wana hoja, na nimezisikiliza. Wanasema mteja akiisikia spana inalia ndipo anaamini tairi limefungwa. Wanasema foleni ni ndefu. Wanasema nati iliyolegea ndiyo inayoua, si iliyokazwa sana. La mwisho ni kweli nusu: nati zilizokazwa ovyo, moja 400, nyingine 90, zinaiacha rimu imekaa upande, na hapo ndipo kulegea kunapoanzia. Haraka siikubali kabisa. Kupitisha spana ya kupimia torki kwenye tairi nne hakunichukui zaidi ya dakika tatu. Nimepima kwa saa. Bei yake kwangu haikufikia ya tairi moja jipya la lori.

Malori nayazungumza kando, maana huko torki kubwa ni halali. Nati za lori zito lenye boliti kumi za milimita 22 zinataka Nm 600 na zaidi, kutegemea kitabu cha lori lenyewe, na hapo spana ya inchi moja ina kazi yake. Lakini hebu tazama: utingo wa kilo 60 akisimama kwenye ncha ya bomba la mita moja anatoa karibu 590. Wale vijana tunaowaona wamening'inia kwenye mabomba msimu wa tumbaku, malori yakitoka Urambo na Kaliua, wako karibu na kipimo kuliko fundi mwenye mashine ya 2,000 asiyejua ameachia ngapi. Kinachowakosesha ni pale wanapoanza kurukaruka juu ya bomba.

Kwangu sasa spana ya upepo inafungua. Kufunga, nati zinaanzwa kwa mkono, zinasogezwa kwa spana ya upepo kwa kugusa tu mpaka rimu ikae, kwa mpangilio wa kuvukana, nati moja halafu ya upande wa pili, kisha gari linashushwa na kila nati inamaliziwa kwa spana ya kupimia. Torki ya kila aina ya gari tunaisoma kwenye kitabu chake na kuiandika ukutani kwa chaki. Mteja anaambiwa arudi baada ya kilomita 50 hadi 100 tuzipitie tena, bila malipo. Soketi zile za kung'aa nimezitoa kabisa upande wa upepo, maana ni ngumu lakini zinapasuka kwa mapigo. Tunatumia nyeusi nene. Soketi iliyolegea nayo tunaitupa, kwa sababu inameza pigo kabla halijafika kwenye nati.

Fundi akikutajia namba ya mashine yake, muulize namba ya nati yako.

Mwalimu alirudi mwezi uliopita, tairi la nyuma. Nilidhani asingerudi. Alisubiri kijana amalize, akafungua buti, akatoa wili spana yake mwenyewe, akainama kwenye tairi lile. Aliikanyaga mara moja. Nati ikafunguka. "Haya, kaza tena, mwanangu," akasema, akanipisha na kipimo changu.